Poti 80 ina mtu: kwa nini seva yako inagoma kuwaka

Kila muhula ukikaribia kuisha, kwenye makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa kompyuta huanza msimu wa picha za skrini. Picha ni ileile: dirisha la XAMPP (kifurushi cha seva za kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako), maandishi mekundu, na chini yake kijana anaomba, "Wakuu, Apache imegoma kuwaka na nawasilisha kesho asubuhi. Msaada." Majibu huja haraka. Mmoja anasema futa XAMPP uiweke upya. Wa pili anasema hiyo ni virusi. Wa tatu, ambaye huwa hakosekani, anasema piga Windows upya.

Wote watatu wanamtuma kijana avunje ukuta, ilhali mlango una mtu ndani na hakuna aliyepiga hodi. Ukiyasoma yale maandishi mekundu kwa utulivu, hakuna palipoandikwa kwamba kitu kimeharibika. Yanasema poti 80 inatumika, basi.

Tuanze na neno seva. Wengi wakilisikia huona limashine kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mashine hiyo nayo huitwa hivyo, lakini hapa tunazungumzia programu: programu yoyote inayokaa ikisubiri kuulizwa ili ijibu. Apache, inayotoa kurasa za wavuti, ni seva. MySQL, inayotunza hifadhidata, ni seva. Ukiandika `python manage.py runserver`, amri ya miradi ya Django ya kutengeneza tovuti kwa Python, umewasha seva, hata kama laptop yako imepasuka kioo na haikai bila chaja. Ikiwa imewashwa kwenye mashine yako kwa ajili ya majaribio yako mwenyewe, hiyo ndiyo seva ya ndani, na hupatikana kwa jina localhost, au kwa tarakimu 127.0.0.1, ambayo ni namna ya kompyuta kujiita yenyewe.

Poti ndiyo inayochanganya zaidi. Programu za kutafsiri huiita "bandari", msomaji akabaki anatafuta meli. Wengine hudhani ni tundu la USB au la waya wa mtandao. Poti tunayoisema hapa haishikiki, ni namba tu.

Fikiria jengo la biashara pale Kariakoo. Jengo lina anwani moja, lakini ndani yake kuna fremu nyingi: ya vitenge, ya simu, ya vipuri vya pikipiki. Mteja akifika getini bado hajafika. Lazima ajue fremu namba ngapi. Kompyuta yako ni jengo hilo. Anwani ya IP ni ya jengo zima, poti ni namba ya fremu. Fremu zenyewe ni 65,536, kuanzia 0 hadi 65,535, kwa sababu nafasi iliyotengwa kuandikia namba ya poti ndani ya kila kifurushi cha data ni biti 16, na biti 16 zikijaa zote zinaishia hapo.

Kanuni ya jengo ni moja: fremu moja, mpangaji mmoja. Msimamizi wa jengo ni mfumo endeshi, yaani Windows, Linux au macOS. Seva inapowaka, jambo la kwanza inalofanya ni kumwendea msimamizi na kumwambia, "Naomba fremu 3000." Kama iko wazi, inapewa na inaanza kusubiri wateja. Kama ina mtu, msimamizi anakataa, na hapo ndipo unapoona EADDRINUSE, au "Address already in use", au kwa Django "That port is already in use". Windows hutumia pia namba 10048. Maneno tofauti, jibu moja.

Kuna dhana inayozaliwa hapa ambayo ni vizuri niiondoe mapema. Watu husikia "mpangaji mmoja" wakadhani ni "mteja mmoja", kwa hiyo wanaogopa kufungua ukurasa wao kwenye brauza mbili, wakihisi zitagombana. Hazigombani. Duka lina mwenye duka mmoja na wateja mia. Kila brauza inayokuja nayo hupewa namba yake ya upande wa pili, kwa hiyo seva inajua jibu hili linarudi kwa nani. Mgongano hutokea pale tu wawili wanapotaka kuuza kwenye fremu moja.

Kwa nini sote tunagombea namba zilezile

Fremu ziko zaidi ya elfu sitini na tano, lakini tunagombea kumi. Sababu ni mazoea. Namba 0 hadi 1023 zilitengewa huduma zinazojulikana: 80 kwa kurasa za wavuti, 443 kwa kurasa zenye kufuli, 22 kwa SSH, ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa usalama. Daftari la namba hizi huwekwa na IANA, mamlaka ya kugawa namba za intaneti, na kwa miaka mingi mwandishi wa daftari alikuwa mtu mmoja hasa, Jon Postel wa Marekani, hadi alipofariki mwaka 1998. Ile 22 ya SSH ina kisa kidogo: Mfini Tatu Ylönen alipotengeneza programu hiyo mwaka 1995 aliona 21 ni ya FTP na 23 ni ya telnet, katikati pako wazi, akaomba kwa barua pepe na akapewa.

Kwenye Linux namba hizo za chini ya 1024 zina ulinzi, mtumiaji wa kawaida hapewi. Ukijaribu unapata "Permission denied", na hilo ni kosa jingine kabisa. Hakuna mtu ndani, ila wewe huna kibali. Usiyachanganye mawili haya, dawa zake ni tofauti.

Kwa kuwa namba za chini zina masharti, waandishi wa programu walihamia juu, kila kundi likajichagulia. Express na wenzake wa JavaScript wakazoea 3000, Flask 5000, Django 8000, Spring Boot 8080. Vite ilichagua 5173 kwa utani tu: soma 5 kama V ya Kirumi, 1 kama I, 7 kama T, 3 kama E, utaona jina lake. Ukiwa na miradi miwili ya Django, tayari una wapangaji wawili wanaotaka 8000. Hakuna ubaya wowote hapo, ni foleni tu.

Muulize msimamizi nani yumo

Hapa ndipo ningependa watu wakae zaidi, kwa sababu swali hili moja huokoa usiku mzima. Msimamizi ana daftari la wapangaji, na anakuonyesha ukimwomba. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike:

`netstat -ano | findstr :3000`

Utapata mstari kama huu:

`TCP    0.0.0.0:3000    0.0.0.0:0    LISTENING    11284`

Usome kutoka kushoto. Safu ya pili ni fremu yenyewe. LISTENING maana yake kuna mtu amefungua duka na anasubiri wateja. Namba ya mwisho, 11284, ni PID, yaani namba ya utambulisho ya programu hiyo wakati huu. Kesho itakuwa nyingine. Sasa uliza jina lake:

`tasklist /FI "PID eq 11284"`

Ikikujibu node.exe, yaani Node inayoendesha seva za JavaScript, umepata mtu wako. Angalizo dogo kuhusu findstr: ukitafuta :80 itakuletea na 8080, na 8000, na chochote kinachoanza hivyo. Tazama safu ya pili kwa macho yako, na mstari usio na LISTENING uache upite.

Kwenye Linux amri ni `sudo ss -ltnp`, na kwenye Mac ni `lsof -i :3000 -sTCP:LISTEN`. Kile kipande cha mwisho, -sTCP:LISTEN, si pambo. Mtandaoni kuna amri maarufu inayonakiliwa kila siku, `lsof -ti :3000 | xargs kill -9`, ambayo huua kila anayehusika na poti 3000, mwenye duka na mteja aliyesimama kaunta. Na mteja aliyesimama kaunta mara nyingi ni brauza yako, yenye kurasa arobaini ulizokuwa unasoma.

Ukishamjua aliyemo ndipo uamue. Kama ni seva yako ya jana, izime: `taskkill /PID 11284 /F` kwa Windows, `kill` na namba yake kwa Linux na Mac. Anza na kill tupu, ambayo ni kumwambia mpangaji akusanye vitu vyake atoke. Ile -9 ni kumtoa kwa nguvu usiku, hata kama alikuwa katikati ya kuandika kwenye faili. Kwa seva ndogo ya majaribio haina madhara, kwa hifadhidata usianze nayo. Na kama PID ni ya kitu usichokijua, usiue kwanza. Tafuta jina lake.

Mara nyingi ni wewe wa jana

Kwa niliyoyaona, mtuhumiwa wa kwanza huwa mwenye laptop mwenyewe. Nilipoanza Linux, nilikuwa nazima seva kwa Ctrl+Z. Nilibonyeza, terminali ikarudi, nikaona mambo yameisha. Nikiwasha tena: "Address already in use". Basi nikawa nabadili namba. Jumatatu 3000, Jumanne 3001, hadi Ijumaa niko 3005, na laptop inapumua kama ng'ombe aliyelima. Ctrl+Z haizimi programu, inailaza. Mpangaji amejifungia ndani ya fremu na amelala, biashara hafanyi na fremu haachii. Inayozima ni Ctrl+C. Niliandika `jobs` baada ya kuelekezwa na mwenzangu, nikaona safu ya seva zangu zote za wiki zimelala kwa mpangilio, nikacheka peke yangu.

Ndugu wa kosa hilo ni kufunga dirisha la terminali, au kufunga kihariri kwa alama ya X, ukidhani seva imekufa nayo. Wakati mwingine hufa kweli, wakati mwingine hubaki ikizurura bila mzazi.

Kisha kuna vifaa vinavyojifanya vina msaada. Vite ikikuta 5173 ina mtu, haigomi. Inahamia 5174 na kuandika mstari mmoja ambao hakuna anayeusoma. Wewe uko kwenye brauza, 5173, unabadili rangi ya kitufe, unahifadhi, rangi haibadiliki. Unafuta kache. Unabadili tena. Kumbe unatazama seva ya jana, na ya leo iko fremu ya jirani inakusubiri. Mimi naona seva inayogoma ni rafiki kuliko hii. Kwenye mipangilio ya Vite kuna `strictPort`. Ukiiwasha, itagoma kama wenzake na utajua mapema.

Watuhumiwa wengine ni wale wanaoingia kabla hujaamka. Programu nyingi zikisakinishwa hujiandikisha kuwaka pamoja na kompyuta: MySQL, PostgreSQL, IIS ambayo ni seva ya wavuti ya Windows. Kontena za Docker, yaani programu zinazoendeshwa zikiwa zimefungashwa na mahitaji yake, nazo zinaweza kuwekewa agizo la kujiwasha upya, ukazikuta asubuhi zimeshakalia 8080. Amri ya `docker ps` itakuonyesha. Watumiaji wa Mac wana kisa chao. Tangu macOS Monterey ya mwaka 2021, kipokezi cha AirPlay, kile kinachoruhusu simu kurusha video kwenye kompyuta, hukaa poti 5000, ambayo ndiyo waliyoizoea watu wa Flask. Ukiuliza nani yumo unaambiwa ControlCenter, na ukiiua inafufuka papo hapo, kwa sababu ni sehemu ya mfumo. Unaizima kwenye mipangilio, sehemu ya AirDrop na Handoff, au unaiachia namba hiyo wewe ukaenda 5001. Mimi ningeiachia.

Turudi kwa kijana wetu wa XAMPP. Maandishi yake mekundu yakisomwa yote yanasema: Port 80 in use by "Unable to open process" with PID 4! PID 4 kwenye Windows ni System, yaani msimamizi wa jengo mwenyewe. Ukijaribu kumuua unanyimwa ruhusa, na hapo ndipo watu huanza kusema virusi. Ukweli ni kwamba ndani ya kiini cha Windows kuna kipande kinachoitwa http.sys, ambacho hupokea wateja wa wavuti kwa niaba ya programu nyingine. Daftarini linaandikwa jina la msimamizi, lakini nyuma yake yupo mpangaji halisi. Mara nyingi ni IIS, ambayo kwenye orodha ya huduma za Windows huandikwa World Wide Web Publishing Service. Kumpata fungua Command Prompt kwa Run as administrator na uandike `netsh http show servicestate`, kisha nenda services.msc, yaani hiyo orodha ya huduma, uisimamishe huduma husika. Zamani mtuhumiwa maarufu alikuwa Skype, ambayo matoleo yake ya awali yalikalia 80 na 443. Ushauri wa "zima Skype" bado unazunguka, ingawa Skype yenyewe ilifungwa Mei 2025.

Fremu iko wazi, bado unakataliwa

Hii ndiyo inayowatoa watu machozi. Umeuliza nani yumo, hakuna. Umewasha, umekataliwa.

Ukiwa Linux na ndiyo kwanza umezima seva, subiri dakika moja. Muunganisho wa TCP ukifungwa, mfumo huuweka kwenye hali ya TIME_WAIT kwa sekunde 60, ili vifurushi vilivyochelewa njiani visije vikamfikia mpangaji mpya vikamchanganya. Ni kama msimamizi kushikilia funguo kidogo asije mteja wa zamani akadai mzigo wake kwa asiyehusika. Seva nyingi za leo huomba zisihesabiwe muda huo, ndiyo maana hukutani nao mara kwa mara.

Ukiwa Windows, na umewahi kuwasha Hyper-V, WSL au Docker Desktop, ambazo hutumia mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), jaribu hii:

`netsh interface ipv4 show excludedportrange protocol=tcp`

Utaona orodha ya namba zilizotengwa, mara nyingi mia mia kwa mkupuo. Msimamizi amezifunga kwa kufuli kwa ajili ya mashine pepe, hakuna anayezitumia, na hakuna atakayepewa. Kosa linalotokea hapa huwa la ruhusa, 10013, na netstat haionyeshi kitu kwa sababu kweli hakuna mtu. Mafungu hayo yanaweza kubadilika ukiwasha kompyuta upya, na hapo ndipo imani ya "restart inatibu kila kitu" inapopata ushahidi wake. Inatibu leo, kesho fungu linaangukia namba yako tena. Chagua namba iliyo nje ya orodha.

Wapo pia wanaozima fayawoli wakikutana na kosa hili. Fayawoli ni mlinzi wa getini, anaamua nani wa nje aingie. Ugomvi wa wapangaji wawili ghorofani haumhusu. Ukimfukuza, mgongano unabaki palepale na geti liko wazi.

Kinyume chake nacho hutokea, japo kwa nadra: wawili wanapewa namba moja na hakuna anayelalamika. Kompyuta ina anwani zaidi ya moja. 127.0.0.1 ni ya ndani kwa mtindo wa IPv4, ::1 ni ya ndani kwa mtindo wa IPv6. Seva moja inaweza kukaa 3000 ya anwani ya kwanza, nyingine 3000 ya pili, kama fremu namba 12 ya ghorofa ya chini na namba 12 ya ghorofa ya juu. Ukiandika localhost kwenye brauza, unaweza ukapelekwa kwa yoyote kati ya hizo mbili. Ukiona unapata ukurasa wa mradi mwingine kabisa, andika 127.0.0.1 kwa tarakimu uone kama jibu litabadilika.

Kubadili poti ni rahisi, na wakati mwingine ndiyo suluhisho la busara: `python manage.py runserver 8001`, `flask run --port 5001`, na kwa XAMPP unafungua httpd.conf ugeuze `Listen 80` kuwa `Listen 8080`. Ila mteja lazima aambiwe umehama. Brauza usipoipa namba huenda 80 yenyewe, kwa hiyo sasa ni localhost:8080. Na kama upande wa mbele wa mradi wako una faili lenye anwani ya zamani, utabaki unashangaa kwa nini data haziji wakati seva inawaka vizuri.

Kuna mgongano mmoja nauogopa kuliko yote, kwa sababu hauna maandishi mekundu upande wa mradi wako. Mwanafunzi ana XAMPP yenye hifadhidata ya mradi wake. Somo jingine linamtaka asakinishe MySQL peke yake, anasakinisha, na inajiandikisha kuwaka na kompyuta. Asubuhi inayofuata poti 3306 imeshakaliwa na MySQL mpya. Ya XAMPP inashindwa kuwaka, ila mradi wake wa PHP bado unagonga 3306 na unaitikiwa. Anaambiwa "Access denied", au ikiwa nenosiri limelingana, "Unknown database". Anaapa kwamba kazi yake ya miezi mitatu imefutika. Nimeona mtu akifuta XAMPP nzima katika hali hiyo, na hapo ndipo kazi ilipofutika kweli.

Kabla ya hapo ilikuwepo, haijaguswa, ndani ya `C:\xampp\mysql\data`. Alikuwa ameingia fremu ileile ya siku zote akakuta muuzaji mgeni asiyemjua. Services.msc, tafuta MySQL80 au jina linalofanana, Stop, aina ya kuwaka iwe Manual, kisha urudi XAMPP ubonyeze Start kwenye mstari wa MySQL.